Mjadala: Gemu isiyo na maltipleya ina umri gani?

Mwanzilishi wa mjadala, Majengo

Kila gemu mpya ikitangazwa kuwa haina maltipleya, yaani haichezwi na zaidi ya mtu mmoja, vijana wa hapa Mombasa huuliza swali moja: nainunulia nini, nimalize hadithi kwa wiki moja kisha diski ilale kabatini? Na ikitangazwa nyingine ambayo ni maltipleya tupu, wako wanaoikataa kabla hawajaiona. Nataka tulizungumze hili bila matusi, kama inawezekana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue pa kunipigia. Kwetu sisi, kinachoipa gemu umri si seva, zile kompyuta za kampuni zinazounganisha wachezaji mtandaoni, ni padi ya pili, kishikio cha mchezaji mwenza. Watu wawili wakiweza kukaa mbele ya tivii moja wakafungana, gemu hiyo itachezwa hadi mashine ife. Ikiwa mwenzako hawezi kuingia ila kwa mtandao, itaishi hadi siku kampuni itakapochoka kulipia seva. Na isiyo na hili wala lile, hadithi yake iwe ya kurudiwa, na hadithi za namna hiyo ni chache.

Tazameni The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft. Ilitoka 2014, ikaundwa itake mtandao wakati wote, hata unapoendesha gari peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na tangu siku hiyo aliye na diski yake ana plastiki. Ni kisa hicho kilichomfanya Ross Scott aanzishe kampeni ya Stop Killing Games, ya kupinga gemu zilizokwisha kuuzwa kuzimwa, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni moja mwaka 2025. Au tazameni Concord ya Sony: ilitoka 23 Agosti 2024, ikaondolewa 6 Septemba, watu wakarudishiwa pesa zao. Ilikuwa maltipleya mwanzo hadi mwisho. Anayesema maltipleya ndiyo uhai wa gemu anieleze hapo.

Upande wa pili kuna Halo, gemu ya mashine ya Xbox. Najua Xbox hapa mjini ni za kutafuta kwa tochi, lakini kisa chake kinafunza. Ilijipatia jina tangu 2001 kwa watu kugawana skrini moja. Halo 5 ya 2015 ikaja bila kugawa skrini, mashabiki wakachemka. Halo Infinite ikatoka Desemba 2021 na ahadi kuwa hadithi yake itachezwa na wawili kwenye kochi moja, kisha Septemba 2022 wakatangaza kuwa hilo limefutwa. Ya mtandaoni wakaileta, ya kochini wakaiacha.

Na suala la bei. Red Dead Redemption ya 2010 iliporudishwa kwenye PS4 na Switch mwezi wa Agosti 2023, maltipleya ilikuwa imenyofolewa, na bado wakaiuza dola 50. Je, ni haki? Haya, semeni.

Mwenye chumba cha gemu, Kisauni

Kaka, mimi nakula kwa hiyo padi ya pili, kwa hivyo nilitakiwa nikuunge mkono moja kwa moja. Nakuunga nusu.

Hesabu ya chumba ni hii. Mechi ya FIFA, ile gemu ya mpira, naiweka nusu ya dakika nne. Wawili wanakaa, anayefungwa analipa na anatoka, mshindi anangoja mwingine. Saa moja watu wengi wamepita kwenye kiti kimoja. Akija mtu anataka God of War, anakaa saa nzima peke yake, nyuma yake wamesimama watazamaji ambao hawatoi hata shilingi, na stima yangu inakwenda. Kwa hivyo gemu ya hadithi chumbani kwangu haifi kwa kuwa mbaya, inakufa kwa kuwa hailipi. Nina FIFA ya zamani kwenye PS3 pale pembeni, wachezaji wake wengine sasa ni makocha, na watoto bado wanaipigania.

Lakini kuna gemu moja inaivunja nadharia yako. GTA V. Hadithi yake ni ya mtu mmoja, huwezi kuchomeka padi ya pili ukaingia, na mtandaoni sijawahi kuwafungulia. Ilitoka 2013. Mpaka leo hiyo ndiyo wanayoiulizia watoto wa shule wakifunga. Wanaichezaje? Wanapokezana. Ukifa unapisha. Ukikamatwa na polisi unapisha. Wanne wana padi moja na kila mmoja ana sheria zake, na ugomvi wake ni mkubwa kuliko wa FIFA. Kampuni haikuweka maltipleya ya kochini, watoto wakaiweka wenyewe. Hiyo utaihesabu wapi?

Mwanzilishi, Majengo

Hiyo umenipiga mahali. Ila angalia ni gemu gani inakubali kupokezanwa. GTA inakubali kwa sababu unaweza kufanya upuuzi wako dakika tano ukafa. Jaribu kupokezana gemu ya kusoma mazungumzo ya kurasa na kurasa, uone kama mtoto wa tatu kwenye foleni atangoja.

Dada wa Bamburi

Nimewasoma wote na nina swali kwa hawa kaka zangu. Mnasema padi ya pili kana kwamba kila mtu ana mtu wa kuishika. Mimi nacheza tangu niko shule ya msingi, na chumba cha gemu nimeingia mara za kuhesabika, kwa sababu ukiwa msichana ukikaa pale wewe ndiye unayegeuka kuwa onyesho. Nyumbani mdogo wangu hataki gemu yoyote isipokuwa mpira. Mtandaoni nikifungua maiki tu, natukanwa kwa lugha tatu. Kwa hivyo kwangu, gemu ya mtu mmoja si gemu iliyopungukiwa. Ndiyo gemu.

Na hizo hadithi unazoziita chache, tuzihesabu basi. Skyrim ilitoka Novemba 2011, haina hata harufu ya mchezaji wa pili, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015, ikapita milioni 50, na Desemba 2022, miaka saba baadaye, waliitolea toleo jipya la mashine za kisasa bila kumlipisha aliyekwisha kuinunua. Hogwarts Legacy ya 2023 iliuza nakala milioni 22 kabla ya mwaka wake kwisha. Hawa wote walinunua plastiki?

Halafu mnasahau madhara ya maltipleya iliyobandikwa kwa nguvu. Tomb Raider ya 2013 ilikuja nayo. Nani kati yenu anaikumbuka? Spec Ops: The Line ya 2012, hadithi nzito kuhusu vita na dhamiri, mchapishaji akalazimisha iwe na maltipleya, na mbunifu wake mkuu mwenyewe aliilaani hadharani. Pesa na watu waliopelekwa huko wangetosha kuongeza sura nyingine ya hadithi. Naughty Dog walikuwa wakiunda The Last of Us ya mtandaoni, na Desemba 2023 wakaiacha. Walisema wazi kwamba wakiitoa, studio nzima itageuka kuwa ya kuihudumia miaka na miaka, na gemu za hadithi zitaumia. Mimi niliposikia nilifurahi. Najua wengi walisikitika, kwa sababu maltipleya ya ile ya kwanza ya 2013 ilikuwa na watu wake. Lakini nilifurahi.

Wa Likoni

Dada yangu, 'kapita milioni 60' ni kuuzwa. Mjadala ni wa kudumu. Hogwarts watu waliimaliza wakaenda zao.

Dada wa Bamburi

Kumaliza ni kosa tangu lini? Na Skyrim je, ambayo miaka yote hii bado watu wanaitengenezea vitu vipya kila siku?

Mwanafunzi, Tudor

Mimi niko upande ambao hakuna aliyeutetea, wa mtandaoni. Mnaiongelea seva kama jini. Binamu zangu wawili wako Jeddah, mmoja yuko Dubai. Kwetu kila familia ina mtu wake Ghuba, hakuna asiyejua hilo. Ijumaa usiku tunaingia eFootball, gemu ya mpira, kwenye simu, bure, hakuna diski, hakuna kiti cha kulipia. Tunafungana, tunacheka, tunaambiana habari za nyumbani ambazo kwenye simu ya kawaida hakuna angezisema. Hapo padi ya pili itamfikia vipi mtu aliyeko Jeddah? Gemu isiyo na mtandao kwangu haina umri kwa sababu watu wangu hawamo ndani yake.

Tatizo la kwetu si maltipleya, ni jinsi tulivyowekwa pembeni. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Sony inafungulia akaunti za PSN, mtandao wa PlayStation. Kila mwenye PlayStation hapa mjini ana akaunti inayodai anaishi Marekani au Afrika Kusini. Tangu PS4, kucheza mtandaoni gemu nyingi za kulipia kunataka ulipie PS Plus, ada ya usajili ya Sony, juu ya bei ya gemu. Halafu seva ziko mbali, Ulaya au Johannesburg, unapiga pasi na mpira unafika ukiwa umekwisha kupokonywa. Kinachoniuma ni kwamba nyaya zenyewe za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, EASSy 2010. TEAMS inatoka hapa moja kwa moja hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Sisi ni mlango wa intaneti ya Afrika Mashariki, na bado unachelewa kuona goli ulilofungwa.

Mwenye chumba cha gemu, Kisauni

Mwanangu, Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja huko kusini, hizo Ijumaa zenu zilikwendaje? Mimi chumba kilijaa.

Mwanafunzi, Tudor

Tulingoja. Na ami, stima ikipotea Kisauni wewe pia hungoja.

Fundi, Mwembe Tayari

Natengeneza simu na mashine za gemu, niongeze la kiufundi kwa sababu watu wanadhani kampuni zinaondoa kugawa skrini kwa ukaidi tu. Ukigawa skrini mara mbili, mashine inachora dunia mbili kwa wakati mmoja. Wewe uko mjini, mwenzako yuko porini, vyote viwili viwe kwenye kumbukumbu. Enzi za PS2 picha zilikuwa nyepesi, ikawezekana. Leo mashine inatoa jasho kwa mchezaji mmoja. Ushahidi ni Baldur's Gate 3. Ilitoka kwenye kompyuta Agosti 2023, PS5 Septemba, lakini Xbox ikangoja hadi Desemba kwa sababu ile Series S ndogo ilishindwa kubeba skrini iliyogawanywa. Mwisho Microsoft wakakubali itoke kwenye Series S bila sehemu hiyo. Kwa hivyo anayetaka padi ya pili na pia anataka kila jani litikisike, achague.

Lakini kuchagua kunawezekana. Studio ya Hazelight ya Sweden walitoa It Takes Two mwaka 2021, haichezeki na mtu mmoja kabisa, lazima wawili, na skrini imegawanywa karibu mwanzo hadi mwisho. Ikashinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Mnunuzi mmoja anamwalika mwenzake wa mbali bila yule mwingine kununua. Mwaka 2025 wakaja na Split Fiction kwa mtindo huo huo. Anayesema soko la kochini limekufa ana haraka.

La pili, kwa dada wa Bamburi na kaka wa Majengo pamoja. GTA San Andreas ya 2004. Kwenye PS2 kulikuwa na alama chache mtaani, ukizikanyaga mwenzako anachukua padi ya pili mnazunguka pamoja, lakini mmefungwa kamba, hamwezi kuachana. Kwenye kompyuta hata hiyo haikuwepo. Mashabiki wakaunda ya kwao, SA-MP na MTA, mamia ya wachezaji kwenye seva moja, na gemu ikaishi miaka baada ya kampuni kuhamia kwingine. Skyrim nayo mashabiki wameiundia ya kucheza pamoja. Hapo naona mambo mmeyageuza kichwa chini. Maltipleya haikuipa San Andreas maisha. Gemu ilipendwa kwanza, ndipo watu wakahangaika kuipa maltipleya. Hakuna aliyehangaika kumfufua marehemu Concord.

Hapa kwangu kila siku naletewa simu: fundi, niwekee PPSSPP, ile programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, na mpira wenye timu za msimu huu. Gemu ya PSP, mashine ambayo haitengenezwi tena, vijana wameichonga majezi na majina mapya kwa mikono yao. Wanaunganisha simu mbili kwa waifai wanacheza bila bando. Kampuni iliyoitengeneza haina habari.

Wa Likoni

Fundi umegusa mpira, na hapo nina kilio changu, maana nyote mnaongea kana kwamba kinachokosekana siku zote ni wenzako. Sisi watu wa PES, gemu ya mpira ya Konami, tumenyang'anywa upande wa pili. Konami walipoibadili PES kuwa eFootball, Septemba 2021, walituletea timu za kuhesabika, na Master League haikuwemo. Ile ambayo unachukua timu ya hovyo, unauza, unanunua, unalea mtoto wa miaka 17 hadi astaafu, peke yako, usiku wa manane. Nilikuwa na timu niliyokaa nayo misimu mingi kuliko kocha yeyote wa timu za hapa kwetu. Sasa kila kitu ni kufungua kadi za wachezaji na kukutana na mtu usiyemjua. Gemu ilipotoka ilizomewa dunia nzima.

Si mpira tu. Call of Duty: Black Ops 4 ya 2018 ilikuja bila hadithi kabisa. Street Fighter V mwaka 2016 ilikuja bila ile ngazi ya kupigana na mashine mmoja baada ya mwingine, eti njoo upigane na watu. Mwisho ikabidi waiongeze. Kwa hivyo mimi swali lako nalipindua: gemu inakufa pale inapokunyima njia uliyozoea kuingilia. Wengine huingilia mlango wa wenzao, wengine dirisha la upweke.

Mwanzilishi, Majengo

Nimewasoma. Msimamo wangu umechubuka lakini haujaanguka, na nitawaambia ulipobaki.

Dada wa Bamburi, nakubali hadithi nzuri inadumu, na nakubali kwamba chumba cha gemu si cha kila mtu. Hilo la pili wenye vyumba walifanyie kazi badala ya kulicheka. Lakini Skyrim unayoitaja inadumu kwenye kompyuta, ambako watu wanaichonga wapendavyo. Kwenye PS3 ya huyu bwana wa Kisauni haikukaa. Kijana wa Tudor, Ijumaa zenu nazipenda, ila hazina dhamana. Siku eFootball ikifungwa hamtabaki na chochote cha kuchomeka. FIFA za zamani seva zake zilikwisha kuzimwa, na bado zinachezwa kwa sababu tu mpira wa watu wawili haukuhitaji seva. Hapo ndipo ninaposimama. Sisemi mtandaoni ni mbaya. Nasema kama ndiyo njia pekee, bei ishuke, na tarehe ya kufunga iandikwe kwenye kasha.

Fundi, hilo la kupendwa kwanza nitakwenda nalo nyumbani.

Mzazi, Changamwe

Samahani, mimi si mchezaji. Nina kijana wa gredi ya nane, kuna PS4 ya kakake, ananiomba gemu na kila anayoitaja bei yake ni ya gunia la mchele. Nimesoma yote haya na bado sijajua ninunue ipi.

Mwanzilishi, Majengo

Mama, ukiwa dukani geuza kasha usome nyuma. Kuna kisanduku kinachosema idadi ya wachezaji. Ikiandikwa 1-2 au 1-4 bila neno lingine, wataicheza wote wawili hapo nyumbani. Ikiwa mchezaji ni 1 na hao wengine wameandikwa ni wa mtandao, jua utalipia bando na PS Plus juu yake.

Mwenye chumba cha gemu, Kisauni

Na mimi namwambia kinyume kidogo. Mama, hiyo gemu ya hadithi usiikimbie, ila usinunue mpya. Diski ya hadithi kijana akiimaliza haimfai tena, na ndiyo sababu atakubali kuiachia. Hapa mjini diski moja ya God of War inatoka Mishomoroni, inavuka feri, inakwenda Likoni, inarudi Magongo, kila mtu anaongeza kidogo na kubadilisha na nyingine. Diski ya FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, mtu haiachii mpaka ya mwaka mwingine itoke, na ikishatoka thamani imeporomoka. Kwa hivyo huyu bwana anapohesabu umri wa gemu ndani ya nyumba moja, ahesabu na umri wake mjini.

Dada wa Bamburi

Asante. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta maneno.

Mzazi, Changamwe

Na hiyo aliyoitaja fundi, ya lazima wawili, ipo ya PS4?

Fundi, Mwembe Tayari

Ipo, na diski yake hupatikana. Lakini mama, hakuna namna ya mmoja kuianza peke yake. Kakake akiwa hayupo, padi ya pili utaishika wewe.

Mzazi, Changamwe

Jioni nikitoka kazini nimechoka, na sijui kitufe gani ni cha nini. Inataka haraka ya vidole?

Fundi, Mwembe Tayari

Mahali pengine inataka. Ukifa unarudi pale pale, haikurudishi mwanzo.